Picha Nisiyotaka Iishe

Jirani yangu hapa Mikumi juzi kapaka geti lake rangi ya mafuta, ile ya kopo, kijani inayong'aa kama nzi wa chooni, na harufu ikaja mpaka jikoni kwangu. Mke wa mwanangu akakimbilia mlango kuufunga, akasema, "Mama, hiyo itakuumiza kifua." Nikamwambia fungua. Akafungua huku ananitazama kama mtu anayetafuta dalili za ugonjwa. Nilikaa na mwiko mkononi mpaka maharage yakashika chini, tukayala hivyohivyo yananuka moshi. Ninyi wa rika langu mtanielewa. Kuna harufu ukiivuta unarudi umri wa kutembea pekupeku, na yangu mimi ni hiyo, rangi ya mafuta na tapentaini, kwa sababu ndiyo aliyonuka mjomba wangu, shati lake, nywele zake, hata mkate alionimegea.

Hapa Mikumi ukisema picha, watu wanajua tembo. Tembo na jua linazama nyuma yake, au Mmasai mrefu mwembamba kama ufito. Wageni wanapenda hivyo na sina neno nao, kila mtu na riziki yake. Lakini mjomba wangu hakuchora tembo hata siku moja. Alichora nyumba za mbao, za zamani, zile zilizokuwa Kilosa karibu na reli. Sijui kama mnazikumbuka. Zilinyanyuliwa juu ya nguzo fupi za mawe ili mchwa wapate taabu kupanda, kuta zake mbao zimelaliana kama magamba ya samaki, bati juu, na chini ya sakafu kuku wanalala kivulini. Treni ikipita, nyumba nzima inatetemeka na vikombe vinaongea kabatini. Mimi nililelewa katika moja ya hizo, ya bibi yangu, mzaa mama. Mama mwenyewe alikuwa Malolo analima, akanileta mjini nisome. Kusoma kwenyewe niliishia darasa la nne, si kwa ujinga, ni mambo mengine, nikianza kuyaeleza hatutafika leo.

Kwetu mtoto ni wa mjomba. Baba anakuzaa, mjomba anakumiliki, ndivyo wazee walivyosema, na mimi sikuona ubaya maana mjomba wangu alikuwa mtu mpole. Kazi yake ilikuwa kupaka rangi vitu vya reli, milango, mabango ya majina ya vituo, mpaka kibao cha Munisagara alikiandika yeye. Kuchora picha alifundishwa ujanani na mgeni mmoja wa shamba la mkonge, ambaye mjomba alimwoshea burashi mpaka siku moja akapewa burashi moja ashike. Alichora juu ya hadibodi, zile mbao nyembamba za vumbi la mbao lililoshindiliwa, na rangi ilikuwa masalio ya makopo aliyoruhusiwa kuchukua. Burashi ndogo zilikuwa ghali, basi alitafuna ncha ya uzi wa katani mpaka ukawa laini, akaufunga kwenye kijiti. Midomo yake ilikuwa na ladha ya mkonge siku zote, alisema mwenyewe.

Siku niliyomwomba anifundishe nilikuwa nimetoka madrasa, bado nimejitanda.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mikono safi?"

"Safi. Nataka kuchora na mimi."

Akanitazama, akatazama ile nyumba aliyokuwa anaichora, ya mpishi wa stesheni, kisha akaniuliza, "Ule ubao una rangi gani?"

"Ya ubao."

"Nenda kauguse, urudi uniambie."

Nikaenda mbio, nikagusa, nikarudi. "Ya moto, mjomba."

Alicheka mpaka akakohoa, mpishi akachungulia dirishani kuona kama kuna heri. Lakini hakunifukuza. Alinipa kipande cha hadibodi na akaniambia nijaribu. Mimi nikapaka kahawia tupu, kwa sababu mbao ni kahawia, kila mtoto anajua. Akaniuliza, "Hii ni nyumba au chapati?" Kweli ilikuwa chapati. Akanirudisha kutazama, na kutazama, mpaka nikasema ni kama majivu. "Majivu ya kuni au ya mkaa?" Nikakasirika kidogo. Nikamwambia ya kuni, lakini pale chini yana wekundu, na pale karibu na bati kuna kama samawati. Hapo ndipo aliponichanganyia. Nyeupe nyingi, nyeusi kwa ncha ya kijiti, kisha tone la ile nyekundu ya kupakia mabati. Ikatoka mbao iliyokaa juani tangu kabla sijazaliwa. Nilishtuka, wallahi, nikatazama nyuma ya hadibodi kama kuna kitu.

Jambo la pili alilonifundisha ni kutohangaika na mbao zenyewe. Unapaka kwanza giza, jembamba, limezimuliwa kwa tapentaini mpaka linatiririka. Likishika, unaweka mbao juu yake, rangi nzito zaidi, ukiacha uzi wa giza kati ya ubao na ubao. Ule uzi ndio nyumba. Ukiuziba umerudi kwenye chapati. Na rangi ya mafuta haina haraka, haikauki leo wala kesho, unaweza kuirudia na kuisogeza, tofauti na chokaa inayokufokea ukichelewa. Sasa mtoto ambaye nyumbani kila kitu anaambiwa "haraka, haraka", kukutana na kitu kinachosema subiri, ilikuwa raha ya peke yake. Nilikuwa nalala na rangi kwenye kucha. Bibi alinisugua kwa mafuta ya taa na kunitukana huku anacheka.

Bibi aliniita mke mwenza. Ni utani wa kwetu, mnaujua, mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, kwa hiyo mimi na bibi tulikuwa wake wawili wa mume mmoja, japo mume mwenyewe alishafariki na mimi hata sura yake siikumbuki vizuri. "Mke mwenza, teka maji." "Mke mwenza, umekula ukoko wote?" Tuligombana kama wake wenza kweli.

Sasa ngoja niwaambie kilichoharibika. Mjomba alimaliza picha ya nyumba ya mpishi. Haukupita muda mrefu, watu wakaja na mitaimbo, ile nyumba ikavunjwa, mbao zikapakiwa. Akachora ghala la pamba lililokuwa na mlango wa kusukuma. Alipomaliza tu, likavunjwa nalo. Akachora nyumba ya mama mmoja fundi cherehani, wakaja wale wale watu na mitaimbo ile ile. Mimi nilikuwa sijaunganisha mambo. Aliyeniunganishia ni rafiki yangu Hadija, mtoto wa jirani, mdomo wake haukuwa na mlango.

"Mjomba wako mchawi wa nyumba," akaniambia tukiwa kisimani.

"Mchawi mwenyewe!"

"Haya bisha. Akichora, nyumba inakufa. Ile ya cherehani si mlichora wote? Na wewe ni mchawi mdogo."

Nilimwagia maji, akanimwagia, tukarudi nyumbani tumelowa na ndoo tupu. Lakini neno lile lilinikaa. Nikazihesabu zile nyumba moja moja kichwani, na kila niliyoiona imechorwa haikuwepo tena. Mtoto akishaona kitu kimetokea hivyo mara kadhaa, kwake hiyo ni sheria kama jua kuchomoza.

Basi siku mjomba aliposimamisha kigoda chake cha miguu mitatu, kile cha kuegemezea picha, mbele ya nyumba ya Bibi, nilijua zamu yetu imefika. Alichora mistari kwa mkaa, akapaka giza lote la chini siku hiyohiyo, halafu akaniambia, akidhani ananipa zawadi, "Hii kubwa. Mimi nashinda kazini. Ukuta ni wako. Jaza mbao taratibu, jioni nikirudi nitakagua."

Taratibu? Kama kuna mtu amewahi kutii neno hilo ni mimi. Nilikwishaamua kwamba picha hiyo haitaisha. Isipoisha, nyumba haivunjwi, Bibi anabaki na kikombe chake na kabati lake na kuku wake. Kwa hiyo kila mchana nilikaa mbele ya nyumba na kutafuta cha kuongeza. Nilipaka ubao mmoja mmoja. Ubao wenye fundo niliweka fundo. Uliopasuka niliupasua. Palipopigwa kiraka cha debe niliweka kiraka, na maandishi ya debe juu yake. Zikaisha mbao nikaanza misumari, kila msumari na mchirizi wake wa kutu. Mjomba akija jioni anainama na kutazama. Siku moja akaniambia, "Mimi sikukufundisha hivi." Nikadhani ananigombeza. Kumbe alikuwa anasema ukweli tu.

Kwa mbele kulikuwa na dirisha la chumba cha Babu. Alipokuwa hai, jioni alikaa pale, kiwiko dirishani, anasalimiana na kila apitaye. Alipofariki, upepo ukawa unaligonga lile dirisha, na Bibi hakuweza kuvumilia. Matanga yalipoisha aliagiza lipigiliwe mbao mbili kwa nje, msalaba, na likabaki hivyo. Hakuna aliyeligusa. Watoto wa jirani wakiligonga kwa mpira Bibi alitoka na mwiko. Sasa mimi, misumari ilipokwisha, nilikuwa nimebakiwa na dirisha hilo tu, na mbao mbili za msalaba zilikuwa kazi ya alasiri moja, na kesho yake picha imekwisha. Nikatafuta kazi ndefu zaidi. Nikalichora wazi. Maana dirisha likiwa wazi kuna ya ndani, kuna kitanda cha besera, kile chenye nguzo nne juu, kuna chandarua chenye mikunjo, kuna mwanga unaoingia na kulala sakafuni. Chandarua peke yake kilinishinda nikakirudia mpaka hadibodi ikawa na kichuguu cha rangi. Nilifurahi sana. Nilikuwa nimepata kazi isiyo na mwisho.

Bibi ndiye aliyechoka. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, watu alikuwa anawajua kwa sauti. "Hii picha mnaipika kwa moto gani?" akamuuliza mjomba. Kisha akaja kukaa karibu yangu, kwenye ngazi, akasema, "Mke mwenza, maliza. Nataka niione wakati bado naona."

Nikaanza kulia. Nikamwambia yote, wachawi wa nyumba, mitaimbo, ghala la pamba. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ulikuwa unanilindia nyumba kwa burashi?"

"Ndiyo, Bibi."

"Pole mwanangu. Nyumba inavunjwa. Picha ikiisha, isipoisha. Huusikii mto? Unamega kingo, umeshafika mpaka pale kwa mpishi. Tumeambiwa wote huku tuhame, mjomba wako anasikia mapema kule kazini nyumba zipi zinavunjwa, ndiyo maana anakimbilia kuchora kabla hazijaondoka. Tunakwenda Zombo, kwa kaka yangu, pana kiwanja."

"Na nyumba?"

"Inakwenda na mimi. Nimewaambia, nijengewe ileile, ubao kwa ubao. Mimi macho ndiyo hayo yanaaga. Nyumba hii naitembea hata nikifumba. Wakinijengea nyingine nitakuwa najikwaa kama mgeni mpaka nife. Hiyo sitaki. Bora nikae nje na kuku."

Hapo nikamaliza picha. Bibi aliishika karibu na pua, akainusa kwanza, akasema, "Ni yenyewe." Sina hakika aliona nini. Dirisha hakulitaja.

Fundi aliyekuja kuibomoa alikuwa Mnyamwezi, fundi Kasanda, mtani wetu. Watani hamuwezi kufanya kazi kimya.

"Ninyi Wasagara," akasema akishuka na nyundo, "nani aliwapa nyumba ya mbao? Si mlizoea majani?"

"Na wewe mpagazi," Bibi akamjibu, "hesabu mizigo yako. Ukipoteza ubao mmoja nakurudisha Tabora kwa miguu."

Akaandika kila ubao kwa chaki. Kushoto moja, kushoto mbili, juu ya mlango, hivyo. Mbao zikapangwa kwenye lori, na mimi nikapanda mbele na dereva nimeshika ile picha kwa kingo, maana rangi bado ilikuwa mbichi na huwezi kuilaza wala kuifunika. Mikono iliniuma mpaka leo nikikumbuka naikunja. Njiani mvua ikatukamata. Si mvua ya kunyunyiza, ni ile ya kwetu inayoshuka kama imesukumwa. Tulipofika Zombo tukashusha mbao safi kama sahani. Chaki yote ilikuwa imekwenda na maji. Fundi Kasanda akazunguka lile lundo, akaligeuza, akaketi juu yake.

"Sasa nijenge nini, jahazi?" akasema, na kwa mara ya kwanza hakumtania mtu.

Bibi alikuwa kwa kaka yake, hakuambiwa. Mjomba ndiye aliyesimamisha kigoda chake kwenye kiwanja kile kitupu, akaichukua picha mikononi mwangu na kuiweka juu. Fundi akasogea. Akaokota ubao wenye fundo. Akatazama picha, akatazama ubao, akatazama picha.

"Huu hapa," akasema. "Chini ya dirisha la kulia. Na huu wenye ufa, huu hapa. Loo!"

Wakajenga hivyo. Fundo kwa fundo, kiraka kwa kiraka. Misumari niliyoichora kwa hila ya kuchelewesha ndiyo iliyowaonyesha ubao upi ulikuwa juu na upi chini. Upande wa nyuma, ambao haukuwepo kwenye picha, fundi aliubuni mwenyewe na ukavuja miaka yote. Mimi nilikuwa natembea nimevimba kichwa, mpaka walipofika mbele, kwenye chumba cha Babu. Nikaona wanatundika dirisha kwenye bawaba zake, wanalifungua, wanalikagua kama linacheza. Nikamkimbilia fundi.

"Fundi shikamoo, hilo dirisha halifunguliwi. Lilipigiliwa."

"Marahaba. Nani kasema?"

"Mimi. Bibi hataki."

"Kwenye picha liko wazi."

"Lakini fundi, picha nimechora mimi!"

"Basi umechora vizuri," akasema, akaweka msumari mdomoni. "Picha imeniongoza tangu msingi, sasa iniongopee dirishani? Wewe na picha nani mkubwa?"

Nikamtazama mjomba, akawa anatazama bati. Zile mbao mbili za msalaba zilibaki chini, hazikuwa na pa kukaa katika picha. Fundi akazichukua akaunga nazo banda la kuku.

Siku aliyoletwa Bibi nilitamani niwe mmoja wa hao kuku. Alishuka kwa mkono wa kaka yake, akasema asishikwe. Akapanda ngazi mwenyewe. Akapitisha kiganja ukutani, nasi wote tuko nyuma yake, yeye anatambua: mlango, msumari wa kutundikia kanga, ile sehemu ya sakafu inayolia. Akatembea kama maji yanayojua njia. Fundi akanikonyeza. Kisha Bibi akasukuma mlango wa chumba cha Babu, na upepo wa nje ukampiga usoni.

Akasimama.

"Nani kafungua?"

"Picha, Bibi," akasema fundi Kasanda, sauti imepungua. "Sisi tumefuata picha."

"Na picha nani kachora?"

Walinitazama wote. "Mimi, Bibi," nikasema, na kwa woga nikaongeza, "shikamoo." Nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi.

"Marahaba."

Akasogea mbele, akipapasa, mpaka akaipata fremu. Akatoa mkono wote nje, kama mtu anayeangalia kama mvua imekata. Akaurudisha. Kwenye ubao wa chini wa dirisha kulikuwa na bonde dogo laini, lililochimbwa na kiwiko cha Babu miaka yake yote ya kukaa pale, nami nililichora hilo bonde bila kujua ni la nini, nikidhani ni kovu la mbao. Vidole vya Bibi vililipata. Vikakaa humo muda.

"Kwa hiyo, mke mwenza," akasema, "umeamua kumfungulia mume wetu bila kuniuliza mkubwa wako."

"Nisamehe, Bibi."

"Niletee kiti."

Nikaleta. Akaketi, akaweka kiwiko chake kwenye lile bonde, kikaenea kama kilipimwa. Fundi akataka kusema neno la utani, mjomba akamkanyaga mguu. Nje Zombo ilikuwa kimya, hapana treni, njia tu ya vumbi na mtu mmoja anakuja na baiskeli.

"Nani huyo anapita?" Bibi akauliza.

"Simjui. Mzee, kabeba mkungu wa ndizi."

"Msalimie basi. Wataka watu wa hapa wajue tumehamia na kiburi?"

Nikapaza sauti, "Shikamoo!" Yule mzee akapunguza mwendo, akaona kichwa cha Bibi dirishani na changu nyuma yake, akainua mkono. "Marahaba! Karibuni Zombo!" Na Bibi akajivuta kwenye kiti, akanipisha nusu ya dirisha.